Siku ya Tatu Tulipewa Jembe

Hapa Buseresere mtu akipita na begi mgongoni haulizwi anakokwenda. Inajulikana. Dhahabu imeibuka mahali, watu wamepigiana simu, naye anawahi kabla maduara hayajagawanywa. Nimeuona mji huu ukijaa na kupungua kwa mabegi hayo tangu nilipohamishiwa huku kufundisha katika miaka ya tisini, nikitokea kwetu Tabora. Wanafunzi wangu wengi wa darasa la sita na la saba niliwapoteza kwa njia hiyo. Asubuhi dawati liko wazi, jioni nasikia kijana yuko kwenye karasha anasaga mawe.

Kwa hiyo mwishoni mwa Juni 2025, wiki chache baada ya Idi ya kuchinja, mimi na binti yangu tulipotoka nyumbani alfajiri kila mmoja na begi lake mgongoni, jirani yangu muuza kahawa aliniita kando. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hata wewe, na umri huo? Ni wapi kumeibuka?" Nikamwambia kuwa tunakwenda kulizunguka ziwa, na kwamba popote tutakapokuta watu wenye kazi tutawasaidia bila malipo, kisha tutarudi nyumbani. Alinitazama kwa huruma, akanimiminia kikombe cha bure.

Wazo halikuwa langu. Binti yangu alimaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, akapata leseni yake, kisha akakaa nyumbani mwaka wa pili akisubiri ajira. Alipokuwa chuoni Mwanza aliwaona vijana kutoka Ulaya na Marekani wakishuka na mabegi makubwa, wakikaa wiki mbili tatu katika shule na zahanati za kandokando ya ziwa, kisha wakiendelea na safari. Jioni moja, tukiwa tunakula, akasema: "Baba, ziwa ni letu, mbona wanaolizunguka ni wao?" Nilicheka. Mama yake hakucheka.

Mke wangu alikuwa na sababu mbili za kukataa. Ya kwanza kila msomaji wa ukurasa huu anaijua: mtoto wa kike hasafiri safari ya mbali peke yake, bila maharimu. Ya pili ilikuwa nzito zaidi, na nyumbani kwetu haitajwi ovyo. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, kaka yake alikuwa ndani. Tangu siku hiyo hajakanyaga hata kivuko cha Busisi bila kufumba macho tangu gati hadi gati.

Walizungumza wiki nzima, mama na binti, nami nikijifanya nasoma. Mwishowe mke wangu akatoa hukumu. "Baba yako ataongozana nawe. Na hampandi chombo chochote cha majini. Ziwa mlizunguke, msiliingie." Tulikubali wote wawili. Nilikuwa nimestaafu, kiinua mgongo kilikuwa hakijaisha chote, na kwa kweli sikuwa na udhuru.

Pasipoti tulizipata, tukachanjwa homa ya manjano na kupewa kadi zake, tukanunua mabegi ya mtumba Katoro. Nilipakia mchele, sufuria, viatu jozi tatu. Binti yangu akatoa nusu ya vitu. "Baba, begi ni la mgongo, si la punda." Msala, taulo, nguo za kubadilisha, redio yangu ndogo, hiyo redio niliing'ang'ania.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa mwalo mmoja katika wilaya ya Muleba, mbele ya Chato ukielekea Bukoba. Mwalimu mwenzangu wa zamani alikuwa ametutanguliza kwa simu kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Mkatoliki mwenye mvi na sauti ya upole. Tulifika magharibi ikiingia. Alitukalisha uani, tukapewa maji ya kunawa, na baada ya salamu akauliza: "Mnatokea wapi hasa?"

"Geita," nikasema.

"Geita ipi?"

Kabla sijajibu, binti yangu akasema, "Buseresere, babu."

Mzee akanyamaza. Akainuka, akaingia ndani. Nami nikabaki nimeinamisha kichwa, kwa sababu nilijua ni nini kilichomnyamazisha.

Ndugu msomaji, wenye umri wangu wanakumbuka. Mwanzoni mwa mwaka 2013 mji wetu na Katoro, miji iliyogusana kiasi kwamba mgeni hajui mmoja unaishia wapi, iligawanyika juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa buchani. Tarehe 11 Februari ugomvi uligeuka ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Siku ile niliyafunga madirisha ya darasa, nikakaa mlangoni na watoto wa dini zote nyuma yangu mpaka wazazi walipowafuata. Sikufanya la maana zaidi ya hilo. Baadaye jirani yangu Mkristo, tuliyechota maji kisima kimoja kwa miaka mingi, alikaa majuma kadhaa tukisalimiana kupitia watoto tu. Sikumwendea. Naye hakunijia. Siku moja tulianza tena kusalimiana kana kwamba hakukuwa na kitu, na mpaka leo hatujalizungumza. Tangu hapo, nikiwa safarini na kuulizwa ninakotoka, husema Geita.

Mzee alirudi. Mkono mmoja ameshika jogoo mzima, mwingine kisu na beseni. "Mwalimu," akasema, "kisu kimeoshwa kwa maji ya moto, na mama amekwisha kutoa sufuria mpya. Chinja mwenyewe kwa mkono wako, mle na mioyo yenu ikiwa imetulia." Akamshika jogoo miguu. Nikauliza kaskazini ni wapi, kwani huku kwetu kibla kiko kaskazini, kimeinama kidogo mashariki, na pale kilikuwa kinaelekea majini. Nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikachinja. Nimechinja tangu ujana wangu, Idi kwa Idi, sijapata kutetemeka mkono kama nilivyotetemeka jioni ile. Mzee aliona, hakusema neno.

Asubuhi binti yangu aliniuliza kwa nini nilisema Geita. Nilimjibu kuwa Geita inajulikana zaidi. Mwaka 2013 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa mmoja wa watoto waliokaa nyuma yangu darasani. Hakuendelea na swali.

Dini yetu imempa mgeni haki ya siku tatu. Waswahili, kama kawaida yao, wamepunguza moja: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wetu aliifuata methali kwa herufi zake. Siku ya tatu, baada ya chai, alinikabidhi jembe kweli, na sururu.

Kazi ilikuwa choo. Mwalo ule wa dagaa una watu wengi wanaokuja na kuondoka, na vyoo vyake vilikuwa vimeporomoka, kwa kuwa udongo wa ufukweni ni mchanga na shimo halisimami. Watu wakirudia vichaka na maji. Binti yangu alinieleza mambo ambayo mimi, niliyefundisha sayansi miaka thelathini, niliyajua kitabuni tu. Kichocho cha tumbo, kilicho kingi pembezoni mwa ziwa hili, mayai yake hutoka na haja kubwa. Yakifika majini huanguliwa, vijidudu vikaingia kwenye konokono wadogo wa maji, vikakulia humo, kisha vikatoka na kumwingia mtu kupitia ngozi anapooga, anapofua au anapovuta nyavu. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, lakini mtoto aliyetibiwa leo akirudi kuoga pale pale anaambukizwa upya. "Kwa hiyo, Baba," akasema, "wewe na jembe lako mna kazi kubwa kuliko mimi na vidonge vyangu." Sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananitia moyo. Malengelenge ya mikono yalinihakikishia kuwa ni kweli.

Mashimo tuliyajengea mawe kutoka chini hadi juu ili mchanga usirudi. Siku za kwanza tulikuwa wazee wanne, maana vijana huvua dagaa usiku na kulala mchana. Kisha mwezi ukakua. Dagaa huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa, na kwenye mbalamwezi taa haina kazi, hivyo wavuvi hupumzika. Vijana zaidi ya ishirini wakaja shimoni, na yaliyotuchukua wiki nzima wao waliyafanya kwa siku mbili, wakiimba, na wakinicheka jinsi ninavyoshika sururu. Jioni niliwafundisha hesabu wale waliotaka, hasa riba za mikopo ya nyavu, ambayo wengi walikuwa wakitozwa bila kujua ni kiasi gani. Huko nadhani nilifaa kidogo.

Binti yangu alikuwa akienda kila siku katika zahanati ya jirani, ambayo ilikuwa na tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Na ni kupitia zahanati hiyo ahadi yetu ilipovunjika.

Usiku mmoja wa mbalamwezi, karibu saa tano, mtumbwi wa injini uliingia mwaloni. Katika kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka pale mama mmoja alikuwa amejifungua, na damu haikatiki. Tabibu na muuguzi walikuwa wamempeleka mgonjwa mwingine hospitali ya wilaya kwa gari moja lililokuwapo. Mwenye mtumbwi alisimama mlangoni kwetu, amelowa hadi kiunoni, akimwita "nesi mgeni".

Binti yangu hakwenda. Alisimama akanitazama mimi.

Naomba nieleweke. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu, na ahadi si kitu chepesi kwetu. Nilimwona shemeji yangu kama alivyokuwa siku ya harusi yangu, na nikaona pia kuwa binti yangu ana umri unaokaribiana na aliokuwa nao yeye alipokufa. Nikafikiria kumpigia simu mama yake. Kisha nikafikiria kuwa nikimpigia atasema hapana, naye ataishi na hiyo hapana maisha yake yote. Sikupiga. Nilisema, "Chukua vifaa. Nakuja nawe." Kama nilikosea, kosa ni langu, si lake.

Alimpigia tabibu simu, akaruhusiwa kufungua kabati, akachukua sindano za oksitosini zilizokuwa kwenye friji, glovu na dripu. Mtumbwini kulikuwa na jaketi okozi moja tu. Mwenye chombo alinipa mimi kwa heshima ya umri. Nikamvalisha binti yangu kwa nguvu. Mawimbi hayakuwa makubwa, ila mtu aliyezaliwa Tabora hajui lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Nilishika ukingo kwa mikono miwili, nikasoma kila nilichokihifadhi tangu madrasa. Tumefundishwa kuwa dua ya msafiri na dua ya mzazi kwa mwanawe hazirudi bure. Nikajiona usiku ule nina zote mbili, nikazitumia bila aibu.

Sitaeleza yote niliyoyaona katika kile kibanda, kwani mengine si ya wanaume na nilikaa nje. Nilimsikia akitoa amri kwa sauti ambayo sikuijua. Alimchoma sindano, akaukanda mji wa uzazi kwa mkono muda mrefu bila kupumzika hadi ukakaza na damu ikapungua, akamwekea dripu, akamtaka mama wa jirani amnyonyeshe mtoto kwa mamaye hapo hapo kwa kuwa hilo nalo husaidia. Kabla ya alfajiri tulikuwa tunarudi: mgonjwa amelala katikati ya mtumbwi, jaketi okozi amevalishwa yeye, kichanga kifuani kwa bibi yake. Gari lilikuwa linatusubiri ufukweni. Nilisali Alfajiri palepale mchangani, nguo zimelowa, magoti hayana nguvu. Kabla hajapanda gari, bibi wa mtoto aliniuliza: "Ninyi ni wa wapi?"

"Buseresere," nikasema.

Baada ya siku kumi na sita tuliaga. Safari iliyobaki nitaipita upesi, si kwa kuwa haikuwa nzuri. Tulivuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka, tukafika Kampala. Nilitaka kuuona mji ambao mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika nchi yake na kumweleza Kabaka Suna habari za Uislamu. Wale nao walikuja kwa miguu na mizigo, wengi wao wakipitia Tabora yetu. Hata Speke, anayesemwa kuwa aligundua ziwa hili Agosti 1858, alitokea Tabora, na wafanyabiashara wa Kiarabu pale walikuwa wamekwisha kumweleza kuwa lipo. Jinja tulisimama mahali maji yanapotoka ziwani kuanza kuwa Nile. Binti yangu alipiga picha nyingi. Mimi nilifikiria maji hayo yana safari ndefu kuliko yetu, na hayana begi.

Katika mji mmoja wa ng'ambo, ambao sitautaja, tulikwenda kujitolea katika kituo cha kulea yatima. Tukaambiwa kuna ada ya kujitolea, kwa dola, kwa wiki. Nilidhani sikusikia vizuri. Watoto walipangwa mstari wakatuimbia wimbo wa kuwakaribisha wageni, na wadogo zaidi walitukimbilia kutukumbatia miguuni, watu wasiotujua kabisa. Mwalimu wa chekechea atakwambia kuwa mtoto mwenye malezi haendi kwa kila mgeni namna ile. Wangapi walikuwa wamekaa nao wiki mbili wakaondoka? Binti yangu alitoka analia. Hatukulipa, hatukubaki, tulinunua unga na sabuni tukaacha mlangoni. Nami nikawa najiuliza kama sisi pia kule Muleba tulikuwa tofauti kama ninavyopenda kuamini. Tuliondoka vilevile. Tofauti ninayoweza kuitaja ni kwamba pale mwaloni kazi hatukuichagua sisi. Mwenye nyumba ndiye aliyetupa jembe.

Kisumu tulikaa siku sita, binti yangu akisaidia kliniki ya mama na mtoto, mimi nikisoma magazeti msikitini. Kisha Migori, Sirari, Tarime, Musoma, Mwanza.

Mwanza nilimwomba twende Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba. Hatujui mjomba wake yuko kaburi lipi, wala kama yuko pale. Tulisimama, tukawaombea wote. Hapo ndipo nilipomwambia kuwa nitamweleza mama yake habari za ule usiku mimi mwenyewe, naye asitangulie kusema.

Kivuko cha Busisi hakikuwa na kazi tena. Daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 Juni, siku chache kabla ya sisi kuondoka. Mahali ambapo mtu aliweza kusubiri saa mbili, basi lilipita kwa dakika chache, na nilikuwa bado natafuta maneno.

Tulifika Buseresere siku ya arobaini na mbili, baada ya Alasiri. Mke wangu alikuwa uani anachambua mchele. Alitupokea, akatutazama tulivyokonda, akachukua mabegi akaanza kuyakung'uta. Mchanga mweupe ulimwagika miguuni pake, mwingi, wa ufukweni.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, simu niliyoacha kupiga, jaketi moja, mawimbi. Sikupunguza. Yeye aliendelea kukung'uta begi lililokuwa limekwisha kuwa tupu.

"Yule mama," akauliza mwishoni, "alipona?"

"Alipona."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Akaliweka begi chini, akalikunja, akalisogeza ukutani.

"Haya, nendeni mkaoge. Chakula kipo. Na jirani wa kisimani alikuwa anakuulizia, mara mbili amekuja. Ukimaliza kula uende kwake."